Rasta za Mlinda Mlango

Jirani yangu hapa Mount Druitt ni bibi wa Kiaborijini, wale wenyeji wa asili wa Australia, mwenye kucheka kwa sauti na kuchungulia sufuria za watu. Mjukuu wake wa kike ananiita Auntie, yaani shangazi, kama anavyomwita kila mwanamke mzima wa ukoo wao. Mimi nililelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kila mama alikuwa mama yako, kwa hiyo sikuona la ajabu.

Mwaka ule wa korona, kabla hatujafungiwa majumbani, mwalimu mmoja alianza kuwafundisha watoto wa Kiaborijini polo ya majini, mchezo wa kurushiana mpira na kufunga magoli mkiogelea, kwenye bwawa la karibu. Mimi nilidhani wanacheza wamesimama. Binti huyo wa jirani, naye mmoja wao, akanicheka: hakuna kugusa chini, unaelea mchezo mzima huku mpinzani anakuvuta kiuno. Nikamwambia huo si mchezo, ni ugomvi. Mara bwawa likafungwa, nasi tukafungiwa. Akawa anafanyia mazoezi kwenye uzio wetu: anarusha mpira kutoka kwao, nami naurudisha, mwiko wa ugali ukiwa mkono wa pili. Nikidaka kwa mikono miwili analalamika kwamba ruhusa hiyo ni ya mlinda mlango peke yake, yaani yeye. Nilimjibu kwamba upande huu wa uzio sheria natunga mimi.

Bwawa lilipofunguliwa ikapangwa mechi yao ya kwanza. Siku moja kabla, bibi akaja uzioni, safari hii bila utani.

"Nilipokuwa mdogo, watoto weusi hatukuruhusiwa kwenye bwawa la mji wetu," akasema. "Tulishika uzio tukawatazama wenzetu. Kesho nataka kumwona wangu akiwa ndani."

Sasa, kwetu mtoto hapelekwi kwenye shughuli kubwa na kichwa timtim. Nikamkalisha binti kati ya magoti yangu. Nywele zake laini, zinateleza, basi nikaongeza rasta, zile nywele za bandia, nikaongeza na nyingine, nyeusi, nyekundu na njano kama bendera yao, nikazirundika zote utosini. Alitoka anapendeza kama bibi harusi. Nilijipongeza usiku kucha.

Bwawani mwalimu akagawa kofia, zile zenye plastiki za kukinga masikio na kamba za kufunga kidevuni. Kofia ya binti ikakaa juu ya rasta kama kifuniko juu ya sufuria iliyofurika. Akavuta, akasukuma, wapi! Mwalimu akasema kwa upole kwamba bila kofia hachezi. Binti akauma mdomo, akamtazama bibi yake. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Bibi hakunilaumu. Alivuta kiti, akaanza kufumua upande wa kushoto. Mimi nikashika wa kulia, na wachezaji wenzake wakatuzunguka, kila mmoja na rasta yake mkononi. Mzazi mmoja akaja na mkasi, nikamtazama hadi akaurudisha mfukoni. Tulipomaliza nikamsuka twende kilioni ya harakaharaka, mistari imepinda hata leo naionea aibu. Kofia ikaingia. Filimbi ikalia naye yuko golini.

Mpira wa kwanza aliudaka kwa mikono miwili, akageuka kunitazama mimi. Mingine mingi ilimpita, walifungwa vibaya, na hakuna aliyejali. Bibi, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alikuwa analia. Barakoa yake ilikuwa imelowa. Na yangu pia, kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Watoto walipotoka majini, bibi akaiomba ile kofia ya mjukuu wake, akaivaa, akafunga kamba kidevuni. Akavua viatu, akakaa ukingoni na kutumbukiza miguu. Mlinzi wa bwawa akamwuliza kwa adabu kama anataka kuingia.

"Niko ndani tayari," akamjibu, akaendelea kuyachezea maji kwa miguu.