Jino Ndani ya Majivu

Jino lilikuwa limebaki moja tu. Mengine yalivunjikia katika mwamba wa kwetu Kabuta, na fundi wa visima, mtu wa ng'ambo ya ziwa, akaniletea ndani ya gunia kichwa cha mashine ya kuchimbia, pamoja na jino hilo la kuungwa.

"Mi natafuta baba yako."

"Alikufa. Kazi yake ya uhunzi niko naifanya mimi."

Aliniangalia kama mtu aliyepotea njia.

Kisima alichokuwa akichimba kilikuwa chetu, cha kijiji. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule ili wadogo zangu wapate kula, na wao walichota maji ziwani. Wiki ile mamba alishika kitenge cha mdogo wangu wa kike. Kitenge kilichanika, yeye akapona. Sasa fundi alisema wazi: jino likipasuka au likichelewa, saa kumi lori lake linapakia vyombo, shimo linabaki kavu.

Gesi ya kuchomelea niliyoileta kutoka mjini Nchelenge ilikuwa karibu kuisha. Nilisugua chuma mpaka kikang'aa, nikapaka unga mweupe wa kuungia, nikakipasha polepole mpaka kikawa chekundu. Waya wa shaba uliyeyuka, ukapenya chini ya jino. Nikalibana kwa koleo hadi shaba ikaganda.

Fundi akanyanyua ndoo. "Bon, haya, tia maji, twende. Majembe yote yanapoa ndani ya maji."

"Jembe ni chuma kitupu. Hili jino ni unga mgumu uliochomwa pamoja na chuma. Likipoa mbio linapasuka."

Nilikizika kichwa kile ndani ya sanduku la majivu. Fundi akanyoosha mkono akitoe. Mdogo wangu yule wa kitenge akakalia kifuniko.

"Dada, toka, utaiva!" fundi akamwambia.

"Mamba hakuniweza, baba. Wewe utaniweza?"

Watu waliokuja kutazama wakacheka. Fundi hakucheka.

Saa nane majivu yalikuwa ya moto. Saa tisa, bado. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Nami nilikuwa na hofu: kuna ufa usioonekana mpaka chuma kikutane na jiwe.

Karibu na saa kumi nilikitoa kichwa kwa mkono mtupu, kimepoa. Nikakigonga, kikatoa mlio safi. Fundi alikichukua, tukamfuata hadi kwenye shimo.

Mashine ilinguruma, ikakwama, moyo wangu ukakwama nayo. Kisha vumbi jeupe la mwamba likaanza kupanda, likaendelea kupanda. Saa kumi ikapita. Dereva akazima lori.

Maji yalikuwa bado mbali. Mdogo wangu akaokota ndoo aende ziwani.

"Lete hapa," nikamwambia. "Mpaka kisima kitoe maji, nitaenda mimi."