Fingo la Mzee Abdurahman

Kila alfajiri, akishatoka msikitini, Mzee Abdurahman wa Bongwe alichukua panga lake butu akaenda kulizungukia shamba. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Alichomeka kuti pale ua ulipotoboka, akamfukuza tumbili mmoja aliyekwisha kumzoea, kisha akasimama katikati ya minazi yake, mikono nyuma, akijiona. Kama kulikuwa na mtu Kwale nzima aliyeonea raha kuwa na shamba, ni yeye. Kilichomkera ni wezi tu. Usiku nazi ziliangushwa, asubuhi akakuta makumbi.

Dawa ya wezi ilijulikana: fingo. Mganga hulitundika mnazini, na atakayeiba hufura tumbo mpaka akiri. Lakini Mzee Chome, mganga mashuhuri wa upande wa Kinango, hakutega fingo bila kupewa beberu, na Abdurahman alikuwa mkono wa birika. Ya nini kumlisha mganga? Akatafuta pembe ya mbuzi, akaijaza majivu na buluu ya kufulia, akaifunga kitambaa chekundu, akaitundika. Kisha akaenda zake Ukunda, kwenye baraza ya kahawa, akadokeza kama mtu asiyetaka kusema kwamba Mzee Chome amekuja mwenyewe kumtegea.

Mkewe, Mwanapili, aliitafuta buluu yake nyumba nzima. Alipoiona inavuja mnazini, akaenda dukani kununua nyingine.

Wezi wakakoma. Wakakoma na watu wema pia. Nazi zilizoanguka zenyewe zilichipua papo hapo, hapana aliyethubutu kuinama. Abdurahman akawa anatembea shambani akicheka peke yake.

Disemba ile bendera ya uhuru ikapandishwa, watu wakacheza mpaka miguu ikawauma, na juma la pili yake ndilo lililokuwa limewekwa kwa arusi ya Biasha, binti yao wa pekee. Wakwe walikuwa wanatoka Gazi, watu wa kujua kula. Ilitakiwa nazi za wali, za samaki wa kupaka, za maharagwe na za mahamri. Abdurahman akamwita Kaingu, mkwezi wa siku zote. Kaingu akaja, akaamkia vizuri, akautazama mnazi, akaiona ile pembe, akarudi nyuma.

Abdurahman akamwambia asiogope, shamba ni lake na ruhusa ameitoa yeye.

“Ruhusa yako ni ya mnazi, Mzee,” akasema Kaingu kwa adabu. “Ya kile chombo anayo aliyekitega.”

Wakwezi wengine wakajibu hivyo hivyo. Kupanda mwenyewe hakuweza. Mara ya mwisho alipopanda mnazi, kitambi chake kilikuwa bado hakijazaliwa. Kununua nazi kwa jirani, naye minazi yake imeinama kwa kuzaa, kulikuwa ni kujianika. Na kusema kweli? Wezi wangerudi siku hiyo hiyo, na barazani angechekwa mpaka kufa kwake. Hofu ikamshika kwelikweli. Akilini alimwona Biasha akiwaandalia wakwe wali mkavu, akaona haya kabla ya aibu yenyewe kufika.

Basi akamburura beberu mpaka Kinango, akamweleza Mzee Chome yote, macho chini. Chome alimsikiliza bila kutabasamu, akamkagua beberu meno, akakubali.

Kesho yake akaja Bongwe. Mbele ya watu aliizunguka ile pembe, akainusa, akakohoa kidogo kwa harufu ya buluu, akasoma maneno yake, akaitungua. Kaingu akapanda mara moja. Nazi zikashuka kwa vishindo, wanawake wakapiga vigelegele, na arusi ikafana hata wakwe wa Gazi wakalegeza mishipi.

Chome alialikwa, akala kushinda bwana arusi. Alipokuwa anaaga, Abdurahman akamsindikiza mpaka uani, akamshukuru kwa kumsitiri.

“Usinishukuru,” akasema Chome. “Nimekuachia fingo la kweli. Liko humo shambani. Wewe ukiwapa watu ruhusa wapande, hawatadhurika. Langu humshika mwizi tu: aliyeiba nazi, au aliyeiba jina la mtu.”

Akaenda zake, anachokoa meno.

Tangu siku hiyo Mzee Abdurahman hulizunguka shamba lake kwa nje ya ua. Huchungulia, huhesabu kwa mbali, na kila jioni hulipapasa tumbo lake, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa limefura zamani, haijulikani kwa lipi. Tumbili yule sasa hukaa ndani, akamtazama.

Akipata hamu ya dafu humwomba Mwanapili. Naye huingia kwa madaha, akamwita Kaingu, akarudi amelikumbatia.

“Mbona wewe huogopi?” alimwuliza siku moja.

“Niogope nini, Baba Biasha?” akasema Mwanapili, akimkabidhi dafu. “Mimi niliibiwa buluu tu.”