Nilisingizia Upepo, Afande Akaadhibiwa

Ndugu zangu, kosa ni langu, na la kijinga! Nimezaliwa Kibosho, mlimani kabisa, halafu nikasahau kwamba mlima uko juu. Jamani!

Mimi huandika programu za mitambo. Kampuni yetu ndogo hapa Moshi ilipata kazi ya jeshi: droni ya kuwapelekea dawa askari wanaoumia mazoezini mlimani. Muda ulikuwa mfupi, na mimi ni mvivu mwenye cheti. Nikachukua kipande cha programu ya droni yetu ya zamani ya kulinda pwani, nikakopi, nikapesti. Kwenye fomu nikajaza, "Kimepimwa." Uongo mtupu!

Ndani yake mlikuwa na amri niliyoandika mwenyewe: droni ikipita mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, ujue imepotea njia, zima mota. Pwani sawa. Lakini Kibosho hata kuku wanaishi juu ya hapo!

Siku ya majaribio afande mmoja wa jeshi aliirusha droni, ikapaa vizuri kutoka mjini, ikapita migomba na kahawa, halafu puu! Ikatoboa paa la banda la ng'ombe, hatua mbili kutoka kwa bibi aliyekuwa akilisha.

"Shikamoo, bibi," nikasema tulipofika.

Hakuitikia. Akanionyesha tundu la paa. "Mlitaka kuniua?"

Bosi akauliza kulikoni. Mdomo wangu ukawahi: "Upepo. Na afande aliirusha vibaya."

Afande huyo ni sajenti, dada mpole wa Mtwara. Alisimamishwa kurusha. Mchana uleule nilifungua programu, nikauona mstari wangu. Nikanyamaza! Wiki tatu nzima nikaenda kazini kama kawaida.

Niliposikia afande anakaribia kufukuzwa jeshini, nikachuma isale, jani letu sisi Wachagga la kuombea msamaha, nikamfuata.

Akaligeuzageuza. "Hili ni mboga?"

"Naomba msamaha, afande. Ile droni niliiangusha mimi."

Akanirudishia mkononi. "Jani baki nalo. Twende ukamwambie kamanda."

Nikasema yote. Yeye amerudi kurusha. Mimi nilifukuzwa kazi, sasa natengeneza pasi na redio. Tukikutana mjini nikimsalimia, anaangalia pembeni. Ana haki!

Ninyi mnaobeba kazi ya jana kuitia kwenye mtambo wa leo, ipimeni upya, tena palepale itakapotumika. Na ikianguka, semeni siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa wiki tatu, na wiki hizo alizibeba mtu mwingine.