Kebo Ambayo Sikuifuata Mpaka Mwisho

Nakumbuka Jumanne moja ya masika, mwanangu, asubuhi ya mawingu, nimesimama katikati ya chumba chenye kompyuta ishirini na nne na najiona sina mfano. Nilikuwa na umri wako, au nimekuzidi kidogo. Nilikuwa fundi msaidizi katika chuo kimoja cha ufundi huko Temeke. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Kibwana, mtu mfupi, mpole wa maneno, miwani yake kaifunga kwa uzi. Yeye ndiye aliyenifundisha Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tangu sijui kitu mpaka nikaanza kudhani najua kila kitu. Hapo katikati, mwanangu, ndipo watu wengi huumia.

Siku hizi mnakuja kunisalimia hapa Bunju na kuniambia, "Bibi, sie tunaweka mfumo kwenye mashine mia kabla chai haijapoa." Nafurahi kusikia. Sisi kazi hiyo tulikuwa tukiifanya kwa sidii moja, tukihama nayo mashine hadi mashine, kila moja saa nzima, na ukifika ya kumi umesahau ya tatu uliijibu nini. Ndiyo maana nilipojifunza kuwa kompyuta zinaweza kuchukua mfumo zenyewe kupitia mtandao, nilimsumbua Mzee Kibwana mwezi mzima mpaka akanikubalia.

Jambo lenyewe si gumu. Kompyuta iliyopangwa hivyo, ukiiwasha, haitazami kwanza diski yake. Inapiga hodi kwenye waya: yupo wa kunipa mfumo? Kama kuna seva, yaani kompyuta kuu, iliyoamriwa kuitikia, inaitikia, na kazi inaanza. Hakuna mtu wa kubonyeza ndiyo wala hapana. Majibu yote umeyaandika kabla. Na mie katika majibu yangu niliandika hivi: futa diski yote, usiulize.

Mzee Kibwana aliyasoma majibu yale, akasema, "Zuhura, hili la kufuta ni sawa, maana mashine za humu ghorofani hazina kitu. Lakini kila mashine ina namba yake kwenye kadi ya mtandao. Ziandike zote ishirini na nne. Mashine isiyoandikwa, seva isiiitikie."

"Sawa, Mzee."

"Na fuata kebo mpaka mwisho. Mie nilizikuta zimeshatandazwa, sijui zote zinakwenda wapi."

"Sawa, Mzee," nikasema tena. Jibu la "sawa" ni jepesi sana mdomoni, na mzee wa watu hulipokea kwa moyo safi.

Jumatatu akapata msiba wa shemeji yake Tandale, akaondoka. Akaniambia nimsubiri au niendelee, hiari yangu, maadamu namba zimeandikwa. Nikaanza kuziandika. Namba moja ina tarakimu na herufi kumi na mbili, na iko nyuma ya mashine, karibu na vumbi na buibui. Nilipofika ya sita nikachoka. Nikajiuliza, nani mwingine atapiga hodi humu? Chumba ni chetu, na swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote, ni yetu. Nikaifuta orodha, nikaiamuru seva imuitikie yeyote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wakati huo guu langu lilikuwa bado zima na lilikuwa linanidanganya.

Basi Jumanne ile nikaziwasha zote. Mwanangu, ilikuwa inapendeza. Vitaa vya swichi vilicheza kama ngoma ya unyago, na skrini ishirini na nne zikaandika mistari ileile kwa mwendo uleule. Kabla ya saa sita zote zilikuwa tayari. Niliketi, nikala kitumbua changu, nikapanga nitakavyomweleza Mzee akirudi.

Kama saa saba hivi umeme ukakatika. Haukukaa, ulikwenda ukarudi kama mtu aliyesahau funguo. Seva ilikuwa kwenye betri, haikuzimika. Kompyuta zilizimika, na umeme uliporudi zikajiwasha. Zikapiga hodi upya. Seva ikaziitikia upya, ikaanza kuzifuta upya. Nikacheka, nikasema haidhuru, ni muda wangu tu umepotea. Ili nipitishe wakati nikafungua kumbukumbu za seva nitazame ni ngapi zimeitikiwa.

Nikahesabu ishirini na tano.

Nikahesabu tena. Nikazunguka chumba kwa kidole. Mezani zilikuwa ishirini na nne.

Ndipo nikaifuata kebo. Kulikuwa na waya mmoja wa kijivu uliotoka nyuma ya swichi, ukapita chini ya meza ya mwisho, ukaingia kwenye tundu la sakafu. Nikashuka ngazi. Chini kulikuwa na karakana ya useremala, na pembeni yake ofisi ndogo ya Mwalimu Chitanda. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa karakanani na wanafunzi, namsikia akipiga randa. Mezani pake kulikuwa na kompyuta ya aina ileile ya kwetu, maana ziliingia chuoni pamoja zimepangwa vilevile, na hii ya ziada alipewa yeye. Nayo umeme uliporudi ilijiwasha, ikapiga hodi; skrini ilikuwa inaandika mistari yangu. Ilikuwa imefika nusu.

Nikueleze Mwalimu Chitanda alikuwa nani. Alikuwa Mmakonde wa Newala, fundi mbao tangu utoto. Alilelewa na mjomba wake, mchongaji, na kwao mjomba ndiye mwenye mtoto. Kwa miaka mingi alikuwa akiwarekodi wazee wa kuchonga, wa kule kusini na waliohamia Mwenge: majina ya miti, majina ya patasi, jinsi ya kujua mpingo umekomaa kwa kuugonga tu, maneno ambayo vijana wao hawayajui tena. Sauti kumi na nne alikuwa nazo. Ya mjomba wake ilikuwa mojawapo, na mjomba alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Zote zilikuwa ndani ya mashine ile. Kanda alizorekodia alikuwa amezitumia tena, kwa sababu kanda zilikuwa adimu na kompyuta aliambiwa haisahau.

Hayo yote niliyajua. Chuo kizima tuliyajua; alikuwa akitusikilizisha mlango wazi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hilo la orodha halikuwa kosa, lilikuwa uvivu. Nilisimama mbele ya skrini ile na mkono wangu ulikuwa shibiri moja kutoka kwenye kebo. Ningeichomoa, kazi ingesimama. Diski ingekuwa imeharibika, ndiyo, lakini nusu yake isingeguswa. Nikafikiri haraka, na nilichofikiri ni hiki: ikisimama nusu, kila mtu atajua kuna mkono wa mtu. Ikimaliza, itaonekana safi. Nikaiacha imalize. Nikapanda ngazi taratibu.

Saa tisa Mwalimu akaja juu, mikono ina vumbi la mbao.

"Fundi, mashine yangu imegeuka. Inaniuliza mie nani."

Nikashuka naye, nikajifanya kubonyeza hapa na pale. "Ni umeme, Mwalimu. Ukikatika ghafla hivi, diski inakufa."

"Inakufa na vitu vyake?"

"Na vitu vyake."

Akaitazama ile skrini. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono magotini. "Basi," akasema. "Aliyetoa ndiye aliyetwaa." Kisha, mwanangu, akanishukuru. Akasema pole kwa usumbufu.

Kwa kuwa baadaye nilimwambia nimeitengeneza diski, imepona na iko tayari kwa kazi mpya, akaanza kuitumia. Jumatano akaijaza michoro ya wanafunzi wa mwaka wa pili, mafaili makubwa. Alhamisi asubuhi akaongeza ya mwaka wa tatu. Nilikuwa nikipita mlangoni namwona. Nilikuwa nawahi chai mapema ili nisikutane naye. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mie nilidhani siku mbili zikipita bila kusemwa, jambo linakuwa halikutokea.

Mzee Kibwana akarudi Alhamisi saa nne, bado kavaa kofia ya msibani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye seva. Alikuwa na tabia ya kusoma kumbukumbu za seva kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Akasoma. Akainuka, akaenda kwenye swichi, akaishika ile kebo ya kijivu, akaifuata kwa macho mpaka kwenye tundu. Akarudi akakaa.

"Orodha iko wapi?"

"Sikuimaliza, Mzee. Niliifuta."

"Chitanda anajua?"

"Nilimwambia ni umeme."

Hakupandisha sauti. Akavua miwani yake. "Umeme hauandiki majibu, Zuhura. Mashine umeiambia ifute, imefuta. Imekutii kuliko ulivyonitii mie. Haya, hilo limepita. Niambie, ameitumia tangu Jumanne?"

"Ameitumia. Ameweka michoro."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika. Aliponieleza, alinieleza kama mwalimu darasani. Mfumo mpya ulikuwa mdogo, akasema, ulichukua sehemu ya mwanzo tu ya diski. Kufuta kwenyewe ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine zinabaki mpaka uandike juu yake. "Kama ungesema Jumanne, ningetoka matangani nikaja. Tungeichomoa diski ile palepale, na pengine tungezipata sauti zote. Kila mchoro alioweka Chitanda jana na leo, ameuweka juu ya mdomo wa mtu. Na ni wewe uliyemruhusu."

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Kamwambie. Mie siendi. Nitakuja baadaye kuchukua diski."

Nikashuka. Mwalimu alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Nikamwambia yote, hata kwamba niliikuta iko nusu. Nikamwambia ningeweza kuichomoa. Wanafunzi wawili waliokuwa karibu walijitoa nje wenyewe.

Akaendelea kupiga msasa. Alimaliza mguu ule, akaugeuza, akaupitisha kidole.

"Ulisimama ukaangalia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Muda gani?"

"Kama dakika mbili."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayepokea kipimo cha ubao. "Nenda," akasema. "Nimesikia."

Mzee Kibwana aliichukua ile diski, akaifunga kwenye mashine nyingine, akaitafuta wiki nzima kipande kwa kipande. Alipata sauti tisa. Baadhi ya hizo zilikuwa na mapengo. Ya mjomba ilikuwa dakika arobaini; zilirudi sita. Anataja miti: huu wa mwiko, huu wa kinu, na huu, anasema, huu usiuchonge mpaka kwanza. Hapo inakatika. Mwalimu aliisikiliza mbele yetu mara moja, akaomba tumwandikie kwenye sidii mbili. Hakuna aliyejua mpaka kwanza nini. Mpaka leo sijui.

Hakuniambia amenisamehe. Wiki ya pili alinikuta kwenye korido akasema, "Fundi, Jumamosi nakwenda Mwenge. Njoo na betri za kutosha." Nikaenda. Nilikwenda naye Jumamosi nyingi, mwaka na zaidi, nikishika kinasa sauti huku yeye akiongea na wazee kwa lugha yao. Wapo waliorudia kwa furaha yale waliyosema zamani. Wapo ambao wake zao walituambia hawawezi tena kusema. Kila tulichokipata nilikinakili mara tatu, na nakala moja ilikaa kwa Mzee Kibwana nyumbani kwake. Nilikuwaga nikimpelekea mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, najua, nawe unajua. Lakini nasema hivi: yaliyomwagika yakitangazwa mapema, mtu anaweza kuokoa kilicho karibu kulowa. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa. Ukipewa mamlaka juu ya mashine nyingi kwa amri moja, kwanza zijue moja moja, hata kama inachosha, hata kama mgongo unauma na buibui anakutazama. Kuuliza waya huu unakwenda wapi si ujinga. Mkubwa wako akikwambia andika orodha, ana sababu ambayo pengine alishawahi kuilipia. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikae kungoja kosa lipate sura nzuri. Liseme likiwa bado nusu, likiwa bado baya, wakati mkono wako unafika kwenye kebo. Aibu ya siku ya kwanza ni ndogo kuliko zote zitakazofuata. Na usimtwishe umeme, wala mvua, wala Mungu, mzigo ulioufunga kwa mkono wako. Ipo siku mtu mwema atakushukuru kwa uongo wako, na shukrani hiyo hutaisahau.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, ikitengeneza iwe imara na ikiharibu iwe wazi. Akupe wakubwa wa kukukemea ungali mdogo, na ukiwa mkubwa akupe ulimi wa kukemea bila kuumiza. Uwaendee watu wako kwa heri, na wakuone unarudi kwa heri.