Vitambaa Chini ya Godoro

Awiti alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Mikono yake ikizama kwenye povu, akili ilifunga safari. Kule Kabiro, Kawangware, alikofulia watu nguo, mwenye ploti ya nyumba za kupanga aliyeitwa Beth alishamzoea. Alikuwa akimkuta amesimama na shuka lisilokamuliwa, anatabasamu peke yake, na kumwambia, "Awiti, umeenda wapi tena?"

Mara nyingi alikuwa ameenda kwao, karibu na ziwa, ambako mamake alitandaza nguo juu ya majani zikauke huku ng'ombe wakizipita kwa adabu. Nguo zote, isipokuwa vile vitambaa vya siku za mwezi. Hivyo mamake alivichomeka ndani ya paa, penye giza, na hakuna aliyevitaja.

Beth hakuwa na shida hiyo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ukuta wa mawe uliozidi kimo cha mtu, na hapo vitambaa vya bintiye vilipepea juani bila wasiwasi. Awiti alipenda kuvitazama. Lakini hebu mpe mtu ukuta kwanza ndipo umhubirie kuanika nje! Kwake Lindi, ndani ya Kibera, hakuwa na hata ua wa magunia. Kamba ya nguo ilipita juu ya kijia cha ploti, na kila aliyetoka alipita chini yake.

Kwa hiyo Eddah, binti yake wa darasa la saba, alipoanza kupata hedhi, Awiti alimkatia leso yake ya manjano vipande, akamfundisha alivyofundishwa: ufue kabla watu hawajaamka, ufiche, mwanaume asione. Alidhani anamwachia mtoto heshima.

Kisha ikaja mvua ya El Niño, mwaka wa tisini na saba. Kuta za udongo zilitoka jasho, viatu vikaota ukungu, na Eddah akaanza kukosa shule. Alisema ni homa. Awiti akanunua dawa ya malaria kwenye kioski na kumfunika blanketi. Homa ikapoa, ikarudi mwezi uliofuata, na dawa ikanunuliwa tena. Mtoto aliyekuwa akikimbia kwenda shule sasa aligeukia ukutani akisikia wenzake wakipita.

Jumamosi moja alishindwa kutembea vizuri. Awiti akampeleka zahanati. Muuguzi alimchunguza, kisha akamuuliza polepole, "Vitambaa vyako unaanika wapi?"

"Chini ya godoro," Eddah akajibu, macho sakafuni.

"Na vinakauka?"

"Sijui. Huwa natumia tu hivyo."

Muuguzi akamgeukia Awiti. "Hii si malaria, mama. Ako na vidonda. Dawa nitampa, lakini akiendelea kuvaa kitu chenye unyevu atarudi hapa akiwa mbaya zaidi. Sabuni, na jua. Basi."

Njia nzima ya kurudi Awiti hakuota chochote. Godoro lile walilala pamoja. Miezi yote hiyo alikuwa amevilalia vitambaa vile, akiwaza malaria, na mtoto kando yake anaumia kimya. Ilimuuma sana.

Jumapili jua likatoka. Lindi nzima ilianikwa: magodoro, vitabu, mahindi, hata wazee. Awiti alivitoa vitambaa vyote, akavisugua kwa sabuni, akavisuuza mpaka maji yakawa meupe, akavitundika kwenye kamba ya kijiani.

Jirani yao Osewe alitoka akiwa na suti ya kanisa, akasimama ghafla.

"Mama Eddah, hii ni nini sasa? Mimi nipite wapi?"

"Hapo chini, Osewe."

"Mimi mwanaume nipite chini ya hizo? Ebu toa."

"Basi zunguka kwa mtaro."

Osewe alimtazama, akatazama kamba, akavua viatu vyake vilivyong'aa na kukunja suruali. Alipita mtaroni akinung'unika Kijaluo, na wanaume wengine wawili wakamfuata wakiinua miguu kama kuku.

"Mama," Eddah akaita kutoka nyuma ya pazia, "toa tafadhali. Watu wananicheka."

Hapo moyo wa Awiti ulilegea. Aliinua mkono avitoe. Kitambaa cha kwanza kilikuwa bado kibichi katikati. Akakiacha. Akavuta mtungi wa plastiki, akaukalia chini ya kamba.

Upepo ulikuja. Vivuli vya vitambaa vilipita juu ya magoti yake, na mwanga wa manjano ukamwogesha uso. Ploti ikanyamaza, ikasogea mbali. Aliona majani ya kwao, na mamake akitoka nyumbani amebeba vile vya paani, akivitandaza kimoja kimoja mbele ya ng'ombe, bila haraka.

Alipozinduka, Eddah alikuwa amesimama kando yake amejifunga leso mabegani. Msichana alinyoosha mkono, akatoa kitambaa kimoja, akakiweka shavuni. Alikaa nacho hivyo muda mrefu.

"Mama, kina joto," akasema. "Kumbe vinakaukanga."

Machozi yakamtoka Awiti.

Osewe alikuwa anarudi kutoka kanisani, viatu tayari mkononi. Eddah alimwona. Hakukimbilia ndani. Alivigeuza vitambaa vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, upande wa pili nao uote jua.