Majivu chini ya mireteni: Donatien na kilima kisichotaka mbolea

Maneno yalianzia Ganshoren, hapa Bruxelles, mlangoni pa kanisa, Jumapili moja ya Februari mwaka huu wa 1998. Walisema kuna mwanaume wa Bukavu amekiroga kilima cha Wazungu. Kwamba alionekana asubuhi akimwaga majivu chini ya miti, mti mmoja baada ya mwingine, midomo ikitikisika. Na kwamba mtu akifanya kazi naye hamalizi mwaka.

Mama mwenye mtoto anayetafuta kazi hawezi kusikia neno kama hilo akalala. Nilijaribu kulisahau nikiosha vyombo, likanirudia. Binti yangu Mignonne alikuwa ameandika jina kwenye kazi hiyohiyo ya kilimani. Basi nikamtafuta mtu mwenyewe.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Donatien Mushagalusa anasimama kwenye kituo cha basi, Evere, anasubiri kamioneti ya kazi. Ana miaka arobaini na saba. Goti la kushoto amelifunga kitambaa. Mkononi ana ndoo mbili, moja ndani ya nyingine.

"Panda, maman," ananiambia. "Kule iko baridi. Hiyo koti yako ni ya kwenda kwenye harusi."

Safari ni saa moja na nusu kuelekea kusini. Ndani kuna wafanyakazi watano, wote wamelala isipokuwa Lucien, kijana wa Goma mwenye mdomo.

"Papa Donatien, leo umebeba mbolea?"

"Nyamaza, mutoto."

"Na sombe tutapanda lini kule juu? Nijue, niambie maman yangu alete mafuta ya mawese."

Donatien hacheki, wala hakasiriki. Amechoka tu. Utani huo wa mbolea na sombe, yaani kisamvu, anasema, una miezi sita sasa.

Kilima chenyewe ni mteremko wa mawe ya chokaa, meupe kama mfupa. Udongo juu yake ni kidogo, vidole viwili tu, halafu ni mwamba. Juu kabisa kuna mialoni, mifupi, imepinda. Chini yake, mahali pa wazi, kuna mireteni, ile miti yenye majani ya sindano ambayo Wabelgiji wanaiita genévrier. Katikati yake kuna nyasi fupi na maua madogo ambayo hayaoti penye udongo mnono.

Donatien ananieleza jinsi miti hiyo inavyoishi pamoja. Kondoo hawausogelei mreteni kwa sababu unachoma. Mwaloni mchanga ukiota ndani yake, unalindwa. Unakua humohumo, mwaka baada ya mwaka. Halafu unaupita kimo, unauzibia jua, na mreteni uliolea unakufa.

"Sasa miye niko katikati yao," anasema. "Huyu namupunguza, huyu namuacha. Bon, kila siku naamua nani ataona jua."

Zamani wachungaji ndio waliouweka wazi mteremko huu kwa kondoo wao. Wachungaji wakapungua, vichaka vikajaa. Ndiyo maana watu wa hifadhi, wanaotunza kilima hiki, wanaajiri mikono ya kukata, na mikono mingi inatoka kwetu.

Kosa lake lilitokea Novemba ya mwaka juzi. Matawi yaliyokatwa huchomwa, na majivu yanatakiwa kubebwa kwa ndoo mpaka chini barabarani. Donatien amezaliwa kwenye shamba, kule Walungu, upande wa Bukavu. Kwao majivu hayatupwi. Majivu ni chakula cha migomba na maharage, na mtu anayeyaacha yapeperuke ataitwa mvivu na mama mkwe wake.

"Nikaangalia ile miti, imekonda, udongo mweupe," anasema. "Nikasema, huyu iko na njaa. Kwetu, udongo ikiwa na njaa, unaulisha. Alors nikalisha."

Alifanya hivyo wiki tatu, akitangulia kupanda kilimani kabla ya wenzake, bila kumwambia mtu. Na midomo ile?

"Nilikuwa nahesabu miti, maman. Kwa Kishi, luga ya kwetu. Niliifikisha mia moja na ine. Muntu akihesabu, ni uchawi?"

Majira ya joto yaliyofuata, palipomwagwa majivu paliota majani yanayowasha na miiba, mpaka kiunoni. Maua madogo yakapotea. Mireteni michanga ikafunikwa, ikakauka.

Mkubwa wa kazi ni Nathalie, Mbelgiji aliyesomea mimea. Alidhani mchungaji aliyebaki pale amemwaga mbolea kwa siri. Akaandika barua ya kumkataza kuleta kondoo. Mchungaji ni mzee, hana mahali pengine pa kuwalisha.

Donatien aliisikia barua hiyo ikisomwa ndani ya kamioneti, mwezi wa tisa. Angeweza kukaa kimya. Mkewe Victorine alimwambia usiku huo huo kwamba alipaswa kukaa kimya, kwa sababu karata yao ya ukaazi, kile kibali cha kuishi huku, inafuata kontrati, yaani mkataba wa kazi. Lakini alikuwa ameshasema.

"Nilisema, madame, ni miye. Akarudisha ile barua ndani ya mufuko. Kesho yake akanipa ndoo mbili."

Tangu hapo anakwangua. Anaondoa udongo wa juu uliolishwa, kwa jembe dogo, akipiga magoti, kisha anaubeba mpaka chini. Wiki hii amefika mti wa themanini na sita. Nilijaribu kubeba ndoo moja kushuka. Nilipumzika mara nne.

"Kinachouma si magoti," anasema. "Miaka yote nilijua udongo. Ndicho kitu miye nilijua. Nafika huku, ule ujuzi ndio unaharibu."

Mwezi wa tano Nathalie atapanda kilimani na fremu yake ya mbao, mita moja kwa mita moja. Ataiweka chini mahali ishirini na kuhesabu kila kinachoota ndani. Ripoti ikionyesha mteremko unapona, kontrati ya Donatien itaendelea baada ya Juni. Usipopona, hapana.

Anachotumaini ni kidogo sana. Mbegu ya mreteni hulala ardhini hata miaka miwili, na huota vizuri mahali palipokwanguliwa. Ananipeleka kwenye mti wa kumi na mbili, anainama, anasogeza jiwe. Kuna kitu cha kijani, kirefu kama ukucha.

"Inaweza kuwa majani tu," anasema, na kulirudisha jiwe taratibu.

Wenye watoto watakaoandika jina kwenye kazi hii, au watakaokwenda kule kutembea, waepuke haya:

Msimwage majivu, mbolea wala maji ya kuoshea vyombo kwenye mteremko ule, hata kama udongo unatia huruma.

Msichume matunda ya mreteni kuwa dawa. Mwenye mimba asiyanywe kabisa, na watoto wasiyatafune.

Msipite kwenye nyasi miguu wazi. Kuna kupe. Jioni mvue nguo, mtazame nyuma ya magoti na kwapani.

Msichimbe maua kupeleka nyumbani. Yakifika Bruxelles yanakufa.

Msifanye jambo mlilolizoea kwenu kabla hamjauliza, hata kama ni jambo jema.

Na msimwulize Donatien habari za mwezi wa tano. Akijua atasema.