Injini Iliyofumuliwa

Asubuhi ya mwisho mke wangu alikuwa anafumua suruali. Suruali ya shule ya mtoto wa jirani, imembana kiunoni. Alikaa kwenye kiti chake kifupi mlangoni, penye mwanga, wembe mkononi, nyuzi zimemjaa mapajani. Chai yake ilikuwa sakafuni, imepoa. Chai yake ilipoa siku zote. Nikimwambia anywe, anasema, "Nakuja nayo," kama vile chai iko njiani.

Mimi nilikuwa bombani nanawa. Kijana wetu wa kwanza alitoka chumbani akasimama mbele ya mama yake, ameshika funguo za gari, na gari lenyewe halina injini. Alizoea tu kuzishika. Waliongea kwa sauti ya chini. Maji yalikuwa yanapiga ndoo, sikusikia kitu. Nilimwona kijana anainamisha kichwa, kisha akaondoka bila kunywa chai.

"Anasemaje?" nikauliza nilipofika mlangoni.

"Anaogopa," akasema. "Na mimi naogopa. Nyanyua mguu, umekanyaga uzi wangu."

Hayo ndiyo maneno yetu ya siku ile. Mchana nilimkuta amejilaza kitandani, kastabini bado ipo kidoleni, ile kofia ndogo ya bati ya kusukumia sindano. Nilidhani anapumzika. Moyo, walisema hospitali.

Walichokuwa wanaogopa ni hiki.

Gari letu ni la siku nyingi, lile refu lenye mlango nyuma. Yeye ndiye aliyelinunua, kwa cherehani yake. Mimi ni mwashi, kuendesha sikujifunza. Yeye alipeleka sare mashuleni, alipeleka majirani hospitali, alinipeleka mimi kazini na mifuko yangu ya saruji. Akiwasha anakipiga kioo cha mbele kofi moja kwa ndani, "Twende, bibi." Miaka ya mwisho gari lilikuwa linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Watoto wa mtaa wakimwona wanajikohoza kwa utani. Anawaambia, "Kohoeni vizuri, mkalazwe."

Kijana wetu kiwanda chao kilifungwa. Ana mke, ana mtoto mchanga. Akapata mwalimu mkuu anayetaka mtu wa kubeba watoto wadogo wa mtaani kwetu, kuwapeleka shule na kuwarudisha. Kazi ingeanza shule zikifunguliwa. Aliikumbatia ile kazi kabla hajaipata.

Siku ya kujaribu njia, kijana aliendesha, mama yake akakaa mbele, mimi nikabaki nyumbani. Kwenye mteremko wa sokoni injini ikanoki. Wanasema iligonga ndani kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, ikazimika. Injini ikizimika, breki inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani vilevile. Kijana alisimama juu ya breki kwa miguu miwili. Gari lilikuja kusimama limegusa meza ya muuza viatu.

"Mama," yule wa viatu akasema, "ungeuliza tu bei."

Watu walicheka. Mke wangu hakucheka. Aligeuka akatazama kiti cha nyuma. Kilikuwa kitupu. Kijana anasema alikitazama mpaka watu wakaacha kucheka.

Gari likavutwa hadi kwa fundi tunayemwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Tulikwenda wote watatu.

"Mama, njia ni mbili," Kimya akasema. "Ya kwanza, mnunue injini ya mtumba. Natoa hii, naweka ile, shule zikifunguliwa gari liko barabarani. Ya pili, nifungue hii hii, niweke vipya pale palipokufa. Lakini krenki, kile chuma kinachozunguka ndani, lazima iende kwa mchongaji wa vyuma, na kwa mchongaji kuna foleni kama ya maji. Hapo siku siahidi."

"Mtumba," kijana akasema. Fundi alikuwa hajafunga mdomo.

Neno hilo mke wangu alikuwa na ugomvi nalo. Mitumba ndiyo iliyomtoa kwenye kushona magauni, akabaki na sare na kupunguza viuno. Lakini hakuwa mtu wa kususa. "Twende tukaione," akasema.

Bandani kwa muuza injini za mtumba, injini zilikuwa zimelazwa chini, zinatoka jasho la mafuta. Muuzaji alikuwa mcheshi. Alichagua moja akaipiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe.

"Hii, mama, gari lake liligongwa nyuma. Mbele halikuguswa. Safi kabisa."

Mke wangu akachuchumaa. "Igeuze nione ndani."

"Ndani?"

"Nguo ya mtumba nikiinunua naigeuza. Nje kila mtu anapiga pasi."

"Mama, injini inauzwa ikiwa imefungwa. Nikikufungulia, nani atainunua tena?"

"Sasa nitajuaje?"

"Utajua ukiiwasha."

"Nikiwa wapi? Mteremkoni?"

Muuzaji akanigeukia mimi. "Mzee, na wewe alikugeuza kabla hajakukubali?"

"Alinigeuza," nikasema. "Na bado ananifumua mpaka leo."

Tulicheka sote isipokuwa kijana. Njiani akasema, "Mama, nusu ya magari yote haya yana injini za mtumba."

"Najua."

"Na yanatembea."

"Mengi yanatembea, baba."

"Sasa?"

"Sasa hayo machache yasiyotembea si ya kubeba watoto wa watu. La kwetu litawabeba."

Tulirudi gereji. Akamwambia Kimya, "Fumua."

"Mama, nguo ndiyo inafumuliwa. Injini inafunguliwa."

"Kufungua ni kufungua mlango ukachungulia. Mimi nataka ifumuliwe. Mpaka uzi wa mwisho. Halafu uishone upya."

Kimya aliwaita mafundi wenzake waje walisikie neno hilo. Gereji nzima ikalichukua. Ukipita, unasikia, "Ile ya mama ya kufumua imefika wapi?"

Kijana alinuna. Chakula alikula chumbani kwake, na mama yake alimwacha. Ndipo ikafika asubuhi ile ya suruali.

Tukazika. Wageni wakapungua, kisha wakaisha. Cherehani nikaifunika kwa kitambaa, nikaifunua, nikaifunika tena. Shule zilikuwa zimekaribia kufunguliwa. Siku moja kijana akatoka mapema bila kuaga, nikajua anakokwenda. Nikamfuata kwa miguu.

Injini yetu ilikuwa imelala vipande vipande kwenye mabeseni ya petroli, nati zake kwenye makopo. Kimya akanivuta pembeni.

"Mzee, pole tena. Kijana anataka niweke ringi mpya na gasketi, nifunge. Krenki nisiipeleke kwa mchongaji. Litawaka, hilo nakuhakikishia. Na litatembea. Ila..."

Akanyamaza. Nilipoona Kimya amenyamaza, nikamwacha, nikaenda kwa kijana.

Kijana alikuwa amekaa juu ya tairi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuinuka.

"Baba, usianze."

"Sijaanza."

"Nikimkosa huyu mwalimu, sina pengine. Mke wangu anaulizia unga kila jioni, na mimi nageukia ukutani. Mama hayupo. Nani atajua kama ilifunguliwa au ilifumuliwa?"

Maneno ya nyumba yetu mama yake ndiye alikuwa nayo. Nikaokota ile krenki kutoka kwenye beseni. Ni chuma kizito, kimekunjwakunjwa kama mkono unaojikuna mgongoni. Nimesugua plasta maisha yangu yote, mkwaruzo wa kitu naujua kwa vidole. Nikapitisha ukucha pale panapozunguka. Ukakwama.

Nikampa. "Pitisha ukucha."

"Baba..."

"Pitisha."

Akapitisha. Nikaona umekwama. Akapitisha tena, polepole, kama vile mara ya pili pangelainika.

"Mama yako angeipokea hii?"

Aliinuka ghafla. Nilidhani anakuja kwangu. Alilipiga teke kopo la nati, zikatawanyika sakafu nzima, chini ya magari, mpaka kwenye mtaro. Mafundi waliacha spana hewani. Yeye alisimama anahema, mabega yanapanda na kushuka, na mimi nilisimama palepale, kwa sababu sikujua pengine pa kusimama.

Kisha akachuchumaa akaanza kuziokota. Moja moja. Anaipangusa kwenye suruali, anaitia koponi. Kimya naye akachuchumaa. Na mimi, kwa magoti yangu haya.

Kopo lilipojaa kijana akasema, bila kumtazama mtu, "Fundi, fumua."

Akachukua simu akaenda kusimama getini. Alituonyesha mgongo, lakini tulimsikia.

"Habari za leo, mwalimu. Ndiyo, tumeshazika, asante. Mwalimu, gari halijawa tayari. Hapana. Jumatatu siwezi kuahidi. Ijumaa pia siwezi. Ndiyo. Naelewa, mwalimu. Naelewa."

Alirudi akakaa kwenye tairi lake.

"Anachukua mwingine. Muhula huu wote."

"Na ujao?"

"Kasema nipige simu. Labda."

Nilikaa pembeni yake. Tairi lilikuwa dogo, tukabanana. Kimya alikuwa ameshaifunga krenki kwenye gunia na kuipakia kwenye pikipiki ya kwenda kwa mchongaji. Tuliisikiliza mpaka ikapotea.

"Ungeweza kumwambia gari limegongwa," nikasema. "Angekusubiri. Watu wanaonea huruma gari lililogongwa."

"Ningeweza."

"Sasa?"

Alizitoa zile funguo mfukoni, akazishika.

"Asubuhi ile, ulipokuwa bombani, nilimuuliza. Nikamwambia, mama, shule zikifunguliwa na gari bado, mwalimu nitampigia simu nimwambie nini?"

"Akasemaje?"

Kijana wangu alitaka maneno ayatoe yalivyo, asiongeze, asipunguze. Akaniambia mama yake alisema hivi:

"Simu ya kusema nguo haijawa tayari nimeipiga maisha yangu yote. Nimetukanwa, na usingizi nimepata. Hiyo nitakufundisha. Ile nyingine, ya kumpigia mama wa mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma, siijui, na sitaki uijue."